Sahani ya Kifaranga

2 Agosti

Mama Karani,

Tumefika salama. Karani alitapika mara moja. Mdogo wake, Kifaranga, hakutapika, ila alitangaza kila baada ya kilomita mbili kwamba atatapika, kwa hiyo abiria wa viti vya karibu walisafiri wamekunja miguu. Mama yako alitupokea barazani na sufuria tayari iko motoni. Mtandao hakuna hata ukipanda juu ya tangi la maji, nimepanda. Gari la maziwa hupita hapa kila asubuhi kasoro Jumapili, na dereva wake amekubali kubeba barua mpaka dukani kwa jirani yetu huko mjini, na kurudi na majibu.

Naandika upya tulichokubaliana ili kiwe kwenye karatasi. Kiti cha kuokolea dereva akikwama juu kwenye kreni mpya kinabeba kilo mia moja na tano. Mimi nina mia moja na tisa. Jumatatu ya tarehe 24 napanda mizani mbele ya msimamizi. Nikizidi, nashushwa chini kupunga mikono kumwongoza mwingine, na huyo mwingine ni Njiti, mama wa zamu ya pili, mwenye kilo hamsini na mbili akiwa amevaa buti. Kwa miaka kumi na minne nimewaona watu wote wa pale kazini utosini. Sina hamu ya kuanza kuwaona pua.

Utaratibu wangu ni huu: asubuhi yai moja na chai isiyo na sukari, mchana mboga na kipande kimoja cha kuku bila ngozi, jioni supu. Mkate hapana, wali hapana, kitamu hapana. Likizo si kisingizio.

Ombi moja tu: mama asijue. Amewatangazia majirani wote kwamba mkwe wake ana kazi kubwa. Siwezi kumwambia kwamba tumbo linataka kuniondoa kwenye kazi hiyo. Nimemwambia nakula kidogo kwa sababu ya joto. Huku kuna baridi, lakini ndilo neno lililonijia.

Shona sare zako, usihangaike.

Mumeo

*

4 Agosti

Baba Karani,

Barua imefika, inanuka maziwa. Sare zimebaki mia moja na tisini, na shule iliyoagiza imebadilisha rangi ya kola baada ya mimi kukata. Kwa hiyo nahangaika, ila si kwa ajili yako tu.

Kuhusu joto: mama yangu hajawahi kuamini kisingizio tangu nilipokuwa na miaka sita. Akinyamaza, usidhani amekubali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Najua wewe huumwi, una tumbo tu, lakini methali inakuenea.

Nimemwandikia Karani aweke kumbukumbu ya kila kinacholiwa hapo. Usimwonee, usimhonge. Mtoto aliyeanza kuhesabu vijiko akiwa na miaka minne hatufai kwa kazi nyingine.

Mkeo, fundi wa kola

*

7 Agosti

Mama, shikamoo.

Hatujambo. Nimeandika kama ulivyoagiza. Mwanzo sikujua niandikeje, nikamuuliza Baba. Amesema kazini kwao daftari huandikwa kwa ndoano. Mzigo ukining'inia kwenye ndoano ya kreni ya Baba, ni wa Baba. Ukining'inia kwa mwingine, ni wa mwingine, hata kama Baba amemsaidia. Kwa hiyo na mimi nimeandika kwa sahani.

Haya ni ya jana.

Sahani ya Baba: yai moja. Kabichi. Kipande cha kuku kimoja bila ngozi. Jioni supu bakuli moja.

Sahani yangu: mkate vipande vitatu na siagi, wali, kuku, viazi vitatu, keki.

Sahani ya Kifaranga: mkate vipande vinne, siagi, jamu, wali vilima viwili, paja la kuku, ngozi ya kuku (ilikuwa ya Baba, Bibi akaihamishia huko), viazi sita, keki vipande viwili.

Sahani ya Bibi: maharage vijiko vitatu. Bibi anasema hana njaa.

Sahani zote zilirudi jikoni tupu. Bibi alifurahi sana.

Pia tulikwenda kwenye bembea zile kubwa za kuzunguka. Baba alinunua aiskrimu mbili za koni, yangu na ya Kifaranga, zenye mipira mitatu kila moja. Yake hakununua. Hawaruhusu kupanda na koni, kwa hiyo Baba akazishika. Tuliposhuka zilikuwa zimekwisha. Baba alisema zimeyeyuka kwa jua. Nimeangalia juu, kulikuwa na mawingu.

Nimemuuliza aiskrimu niandike kwenye sahani ya nani. Amesema koni si sahani.

Wako mtiifu,
Karani

*

8 Agosti

Mwanangu,

Ukimwona dereva wa maziwa mjini, mshukuru. Ni mtu mwema ingawa anaendesha kama anayefukuzwa.

Wajukuu wangu hawajambo, nami siwezi kulalamika. Lakini nina mambo mawili, na ninakwambia wewe kwa sababu huyo mumeo namstahi.

La kwanza ni yeye mwenyewe. Anakula kama ndege. Kuku nimemchinja kwa ajili yake, naye anakula kabichi na kunishukuru, anakula na kunishukuru. Anasema ni joto, huku amejifunga shuka mabegani. Kama mapishi yangu hayampendezi, aseme. Kama anaumwa, wewe useme. Mtu mzito namna ile hawezi kuishi kwa yai.

La pili ni Kifaranga. Ana miaka mitano na anakula kama wapagazi watatu. Ninamjazia sahani, naligeukia jiko, nikirudi imelambwa. Nikimwongezea, nayo inakwisha. Mimi siku hizi mchana sisikii njaa, kwa hiyo changu nakisukumia kwake pia, nacho kinakwenda. Halafu mtoto mwenyewe ni mwembamba kama mpini wa ufagio. Hiyo si hamu ya chakula, mwanangu, hiyo ni minyoo. Kesho nampa dawa.

Usiwe na shaka, naijua dozi. Wewe ulikunywa mara nne.

Mama yako

*

10 Agosti

Baba Karani,

Nina barua mbili mezani, ya Karani na ya mama. Ya Karani inasema mtoto wetu mdogo alikula viazi sita, paja la kuku na wali vilima viwili kwa siku moja. Ya mama inasema ana minyoo. Wewe unalala chumba kimoja naye na unakula meza moja naye, na hujaniandikia hata neno.

Hapa nyumbani huyo mtoto humaliza nusu ya kiazi kwa kubembelezwa. Mpeleke zahanati kesho. Apimwe uzito, aangaliwe. Na wewe ukifika hapo panda mizani, uniambie. Njiti alipita jana kupunguza suruali yake ya kazi kiunoni. Alikuulizia. Aliuliza kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda.

Mkeo

*

12 Agosti

Mama Karani,

Mtoto tumempeleka. Mizani ya watu wazima ya zahanati ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, kwa hiyo muuguzi alimpima Kifaranga tu, kwenye ile ya watoto. Kilo kumi na saba, vilevile kama mwezi wa sita. Hana minyoo, wala hana homa, na ana maneno mengi. Hayo muuguzi amesema hayana tiba. Dawa ya bibi yake alikuwa ameshainywa Jumapili. Alikunja uso, akaniangalia muda wote wa kumeza. Sikupenda macho yale.

Mimi nilipimwa kwenye kituo cha maziwa. Mizani yao inasema mia moja na kumi na mbili.

Usishtuke. Ile mizani imezoea mikebe. Nimewaambia, mtu wao akapanda, ikampa uzito wake sawasawa, lakini yeye ni mfanyakazi wa pale, imemzoea. Mimi utaratibu sijauvunja hata siku moja. Uliza Karani. Mayai kumi kwa siku kumi. Kabichi nimekula mpaka naiota. Sijagusa mkate wangu, wali wangu wala keki yangu. Nadhani ni hewa ya huku, au maji. Kuna watu hunenepa kwa maji.

Zimebaki siku kumi na mbili. Naanza kuogopa, nakwambia wewe tu. Mtu aliyekaa juu miaka yote hii akishushwa, hapewi kazi nyingine. Anapewa vile vibao viwili vyekundu, anasimama kwenye vumbi na kupunga, na kila anayepita anamuuliza kulikoni.

Mumeo

*

14 Agosti

Baba Karani,

Mimi ni fundi cherehani. Nikipewa kitambaa mita tano, nikatoa nguo ya mita tatu, mita mbili ziko mahali: chini ya meza, ndani ya kikapu, au mgongoni kwa mtu. Kitambaa hakiyeyuki. Wala aiskrimu haiyeyuki chini ya mawingu.

Sasa nijibu kama mtu mzima. Kwenye sahani ya Kifaranga huwekwa viazi sita. Kifaranga hawezi kula viazi sita. Sahani inarudi tupu. Mama amesimama jikoni amegeuka. Mbwa hapo hakuna, nimekulia nyumba hiyo. Mezani wamekaa watoto wawili na wewe.

Umesema mkate wako hukugusa, wali wako hukugusa, keki yako hukugusa. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu nikiwa na pini mdomoni. Sikukuuliza vya kwako.

Bandu bandu huisha gogo. Kwako wewe bandu bandu inajenga gogo.

Na mwambie mama ukweli, leo, kwa mdomo wako. Kila sahani unayoifagia inamwambia mtoto ana njaa, naye anaongeza. Ukiendelea kumstahi hivyo, utarudi na kilo mia moja na ishirini.

Mkeo

*

16 Agosti

Mama Karani,

Barua yako niliisoma nimesimama getini, nikaisoma tena nimekaa.

Sikukudanganya. Hilo naomba uliamini, kwa sababu ndilo baya zaidi. Nilijiona mkweli kabisa. Sahani yangu ilikuwa safi kila mlo. Zile za watoto niliziona kama mzigo wa kreni nyingine. Mtoto anaacha viazi vitano, bibi yake anakaribia kugeuka, chakula cha mkwe kinatupwa mbele ya mkwe. Nikasema acha niondoe aibu hapa. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Nyumbani pia huwa nafanya hivyo, sivyo? Ndiyo maana hujawahi kuona makombo.

Leo mchana nimemwambia Karani aandike upya, kila kilichoingia mdomoni mwangu kiwe changu, kimetoka sahani yoyote. Akauliza kuanzia lini. Nikasema kuanzia tulipofika. Akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari. Alikuwa ameshaandika yote, pamoja na koni. Amesema aliweka pembeni kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Na yule mdogo amekunywa dawa ya minyoo kwa ajili ya tumbo langu. Nimemwomba radhi. Amesema atanisamehe nikimruhusu asimalize kabichi. Nimekubali, na nikatoka mezani kabla mikono haijaanza.

Jioni namfuata mama jikoni. Nimewahi kutembea juu ya chuma chembamba upepo ukivuma, moyo haukunipiga hivi.

Mumeo

*

17 Agosti

Mwanangu,

Mumeo alinijia jikoni jana, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Nikaweka mwiko chini. Akanieleza yote: mizani, kiti cha kuokolea, yule mwanamke mwembamba wa zamu, na viazi vya watoto. Alipomaliza akasema, "Mama, nisamehe. Najua kazi yangu ndiyo fahari yako."

Nikamuuliza kazi ipi.

Mwanangu, mimi miaka yote hii najua mumeo anaendesha gari la taka, lile kubwa lenye mkono wa kuinulia mapipa. Wewe ndiye uliyenieleza, ulisema anainua vitu kwa mkono wa chuma. Na nimewaambia majirani hivyo, nikawaambia kazi kubwa, maana bila watu wale mji unaoza. Hayo ya kupanda angani nimeyasikia jana. Nimemwambia akishuka nitalala vizuri zaidi. Alikaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa nini.

Basi na mimi nikamwambia langu, na wewe nakwambia sasa, usinipigie kelele. Mwezi wa tano zahanati walisema nina sukari. Wakanipa karatasi: wali kidogo, viazi kidogo, keki hapana, punguza kilo tano. Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungekuja na gari na mabegi, ungenihamishia kwako nikae nahesabu sare. Walipokuja nikashindwa kukaa na sahani ndogo mbele ya wageni, wangeniuliza nini? Nikawa napakua kama kawaida, halafu nasukumia kwa watoto. Nikajisifu moyoni, kumbe vinakwenda kwa mkwe.

Yaani mimi nilikuwa nafuata masharti na mumeo ndiye alikuwa anayavunja, yangu na yake.

Leo tumekula sote watatu wakubwa, maana Karani anajihesabu, kila mtu na sahani yake ndogo, hakuna kusukumiana. Kifaranga alipewa kiazi kimoja. Akala nusu. Ile nusu ilikaa mezani, sisi wawili tunaitazama, mpaka Karani akaichukua akampelekea kuku wa jirani.

Mama yako, na usije na mabegi

*

25 Agosti

Mama, shikamoo.

Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaletewa na dereva wa maziwa.

Jana nilipanda mizani. Msimamizi akaniambia nivue buti, nikavua. Akaniambia nivue mkanda, nikavua. Fundi mmoja akaninong'oneza nishike nguzo ya pembeni kwa kidole, kidole kimoja tu, ndivyo wanavyofanya wengine. Sikushika. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Mkono ulitaka kwenda, na mimi mikono yangu siku hizi siiamini.

Mia moja na nane. Nimezidi kwa tatu.

Sijaachishwa. Niko chini kwa wiki nne, tarehe 21 Septemba napimwa tena. Nikizidi siku hiyo, ndiyo basi, nitabaki chini. Kwa sasa nimepewa vibao. Napunga, Njiti yuko juu ananisikiliza. Ni mwepesi wa mkono, lazima nikiri, ila anapenda kuzungusha mzigo kushoto wakati kulia ni karibu. Asubuhi watatu waliniuliza kulikoni. Niliwajibu, "Viazi." Baada ya hapo hawakuuliza tena.

Miguu inauma. Sikujua kiwanja chetu ni kirefu namna hii. Kwa juu ni kidole gumba tu.

Binti yako amekasirika kuhusu ile karatasi ya zahanati. Mabegi ameyashusha kabatini, kisha akayarudisha. Nimemwomba asubiri.

Mkwe wako

*

22 Septemba

Mama, shikamoo.

Mia moja na nne na nusu. Bila buti, bila mkanda, mikono nimeifunga nyuma.

Naandika nikiwa kitini juu, wakati wa mapumziko, ndiyo maana mwandiko unayumba. Njiti alinipokeza funguo, akasema nimeacha kiti kikiwa kimebonyea sana, amelazimika kukaa juu ya mto mwezi mzima. Kisha akachukua vibao vyangu, akasema atavitunza, maana haijulikani lini nitavihitaji. Nimebakiwa na nusu kilo ya kujidai.

Nyumbani mezani kuna sheria mpya. Watoto wanapakuliwa kidogo, wakitaka zaidi waombe. Wanaomba mara chache. Imeonekana kwa miaka tisa tumekuwa tukipika chakula cha mtu mmoja zaidi, na mtu huyo ni mimi mara ya pili.

Wewe hali yako vipi? Tarehe yako ya zahanati imepita.

Mkwe wako

*

26 Septemba

Mkwe wangu,

Marahaba. Nimefurahi umepanda, kwa kuwa wewe umefurahi. Majirani nimewaeleza kuhusu kreni. Hawakuelewa, na mmoja amesikitika kwamba umeacha magari ya taka.

Zahanati nilikwenda Jumatano. Yule muuguzi, yule yule aliyempima Kifaranga, aliangalia kadi yangu akakunja uso. Alisema mwezi wa nane nilishuka kilo nne, sukari ikawa nzuri, na tangu hapo nimepanda mbili. Sikumficha. Nikipika chungu, ni kile kile nilichozoea, na sasa nimebaki peke yangu na siwezi kutupa chakula. Akaniuliza basi mwezi wa nane nilikuwa natumia nini.

Nikamwambia nilikuwa na mkwe.

Ameandika kwenye kadi.

Mama